Kifaa cha Gari Kichwani mwa Roketi

Roketi ya Shurie ilipotea siku ya Alhamisi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, ikiwa nzima. Haikulipuka, haikuungua, haikumgonga mtu. Ilipanda vizuri, ikafungua mwavuli wake mwekundu, ikachukuliwa na upepo mbele ya watu kumi na wanne wenye macho, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua imeangukia wapi. Ilipotea kwa sababu kichwani mwake tulitia kifaa cha kufuatilia magari. Kifaa kinachofaa kilikuwepo. Kilikuwa kwenye droo yangu.

Nikikumbuka tulivyochagua, mate hunijaa mdomoni kama mtu aliyekunywa maziwa yaliyoharibika.

Mimi ni Gelle. Nina kibanda cha kutengeneza redio na simu Soko Mugdi, hapa Garissa. Shule niliiacha darasa la sita. Kabla ya kibanda, nilifanya kazi miaka sita na watu waliokuwa wakichunguza hirola, wale swala wa kwetu wenye mstari mweupe kama miwani kati ya macho, ambao wamebaki wachache. Hirola walivishwa kola yenye redio ndogo ndani yake. Kazi yangu ilikuwa kupita vichakani na antena mkononi, nikisikiliza mlio, tii, tii, tii, mpaka nimwone mnyama kwa macho. Sikuwahi kumpoteza hata mmoja. Waliokufa pia niliwapata.

Shurie ni binti wa dada yangu Saynab. Ana miaka ishirini na tisa na anafundisha fizikia katika shule ya wasichana. Kwetu mjomba humwita mtoto wa dada yake "abti", na mtoto humwita mjomba vivyo hivyo, kwa hiyo sisi ni abti na abti. Roketi zilimwingia kichwani akiwa chuoni. Hizi si za vita. Ni bomba la nyuzi za kioo lenye mabawa matatu, refu kuliko mtu, injini ya baruti chini, mwavuli ndani. Linarushwa, linapanda, linarudi, watu wanafurahi. Yeye hakuwa akifurahi tu. Kulikuwa na mafunzo ya miaka miwili ya uhandisi wa roketi, yanayolipiwa yote, nafasi nane tu kwa walimu nchi nzima. Masharti yalikuwa matatu: roketi uliyoijenga mwenyewe ivuke mita elfu moja na mia tano, uirudishe, na utume rekodi ya safari kama ilivyoandikwa na chombo kilichomo ndani yake, bila kuguswa. Mwisho wa kutuma ulikuwa Jumatatu saa sita mchana. Umri usizidi miaka thelathini. Shurie angetimiza thelathini mwezi wa kumi. Kwa hiyo ilikuwa mwaka huu au basi.

Injini alikuwa nayo moja. Kibali cha kurusha kilikuwa cha siku moja, na kukipata kulihitaji barua nne, kwa chifu, kwa polisi, kwa wenye anga na kwa mkubwa wa kaunti. Unaposikia neno roketi karibu na mpaka wa Somalia, hata mimi ningetaka barua nne.

Chama cha roketi kilikuwa na watu tisa, wanaume wanane na Shurie. Mwenyekiti alikuwa Haji Adow. Haji Adow hajui roketi. Anajua kuuza vifaa vya kufuatilia magari, vile vinavyofichwa chini ya kiti cha pikapu ili tajiri aliyelala Eastleigh aone dereva wake amesimama wapi Wajir. Tulimfanya mwenyekiti kwa sababu ana pikapu na ana sebule.

Jumapili kabla ya kurusha, alitualika sebuleni kwake tuchague kifaa cha kutuonyesha roketi itakapoanguka. Alichinja mbuzi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na nilikuwepo, na nilikula.

Vifaa vilikuwa vitatu. Cha kwanza ni redio inayosoma satelaiti na kujitajia mahali ilipo, namba kwa namba, kwa kipokezi ulichokishika mkononi. Hicho ndicho bora, sikatai. Kiko ng'ambo, na kingechukua wiki sita kufika. Cha pili ni changu, redio ndogo ya mlio niliyoiunda kwa vipande vya kola za hirola, gramu thelathini na nane pamoja na betri. Haijui satelaiti. Inalia siku tano bila kuchoka, na mwenye antena anaifuata. Cha tatu ni kifaa cha gari cha Haji Adow. Kina laini ya simu ndani. Kinatuma ujumbe kwenye simu yako, unaona kitone kwenye ramani, unakifuata ukiwa umekaa kwenye kiti.

"Gelle, hiki chako kinasema nini?" Haji Adow akauliza, akifuta vidole.

"Hakisemi. Kinalia. Unakifuata."

"Kama ngamia aliyevaa kengele."

"Ndiyo. Na ngamia wa kengele hupatikana."

"Walaal, ndugu yangu, dunia imefika kwenye satelaiti, wewe bado unafukuza swala."

Wakacheka. Billow, mwenye duka la vipuri, akaongeza akiwa na mfupa mdomoni, "Tuivishe ile kengele ya mbao basi. Tutaokoa betri."

Nikangoja wamalize. "Haji, kifaa chako kinatumia laini. Netiweki ikikosekana kinamtumia nani?"

"Netiweki ipo. Nimesimama pale uwanjani mimi mwenyewe. Mistari mitatu."

"Wewe ulisimama. Roketi haitasimama. Itapanda kilomita mbili, na huu ni mwezi wa saba, upepo unatoka kusini kama umetumwa. Itaangukia mbali, ndani ya kichaka, kwenye bonde."

"Itashuka, si itashuka? Au inahamia mbinguni?"

Wakacheka tena. Niliwatazama mmoja mmoja. Kulikuwa na mhandisi wa maji mwenye digrii. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu. Watu hao wanajua kabisa kwamba ukitoka barabarani kilomita tano upande wa kaskazini simu inageuka kuwa saa ya mkononi. Wanajua kwa sababu kila siku wanalalamika. Lakini mafuta ya mbuzi yalikuwa yanameremeta kwenye ndevu zao, na mbuzi alikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anauza kifaa.

Nikamtazama Shurie. Alikuwa amekaa karibu na mlango na daftari lake. Hakusema neno.

Haji Adow akamwomba mzee mmoja asome dua. Hapa kwetu dua ikishasomwa jambo limefungwa. Hata ukitambua baada ya dakika tano kwamba mmekosea, hurudi kulifungua, kwa sababu utakuwa umemwambia kila aliyeinua mikono kwamba ni mjinga. Mikono ikainuliwa. Mimi pia niliinua yangu. Nikasema amin, kinywa kimejaa nyama ya Haji Adow.

Jumatano baada ya sala ya alasiri Shurie akaja kibandani kwangu. Alikuwa amebeba kichwa cha roketi, kimefungwa kwenye shali ya mama yake kama mtoto.

"Abti, nimepima," akasema. "Ukikitoa kifaa chako kwenye ganda lake, kinakaa juu ya kile cha Haji. Gramu thelathini na nane hazitaharibu kitu. Nusu saa tu ya kazi."

Nilijua ni kweli. Niliiona nafasi yenyewe. Ingetosha hata na kidole juu.

"Dua imesomwa," nikamwambia. "Uliinua mikono."

"Na wewe uliinua."

"Basi sote tumesema amin. Mwambie Haji Adow akutafutie."

"Abti, si Haji Adow atakayekosa nafasi."

"Nilisema mbele ya watu, wakanicheka. Wewe ulikuwa na daftari na kalamu na digrii. Hukusema kitu."

"Ningesema nini? Mwanamke mmoja, wanaume wanane, na mbuzi ni wake."

"Basi kila mtu ale mbuzi wake."

Nilisema hivyo. Nimejaribu baadaye kukumbuka kama niliongeza neno la kulainisha. Sikuongeza. Akafunga shali, akasema nibaki salama, akaondoka. Kifaa kilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu, na betri yake ilikuwa imejaa.

Asubuhi ya Alhamisi nilienda kutazama. Uwanja ulikuwa mwendo wa nusu saa kutoka mjini, kando ya barabara ya Dadaab, udongo mwekundu uliokauka na miti ya miiba. Nilisimama pembeni, mikono kifuani. Nataka kusema ukweli: sehemu yangu moja ilikuwa imekuja kuona nikithibitishwa. Mtu wa miaka hamsini na moja.

Roketi ilipanda ikipasua sikio. Ilikwenda mpaka ikawa sindano, halafu haikuwa kitu. Kisha mwavuli ukafunguka, doa jekundu dogo, na upepo ukaushika. Uliupeleka kaskazini. Shurie alikuwa akikimbia, akiangalia juu, akianguka, akiinuka. Doa likashuka nyuma ya miti, mbali sana, na likaisha.

Haji Adow alikuwa amesimama pale pale kwenye kivuli cha pikapu, akiangalia simu yake, akitabasamu.

"Imeonekana," akasema.

Tukakusanyika. Kitone kilikuwa kwenye ramani, cha kijani, kizuri.

"Iko wapi?" Shurie akauliza, anahema.

Haji Adow akakuza ramani kwa vidole. Akageuza simu. Akatazama miguu yake.

"Inaonyesha iko hapa," akasema.

"Hapa wapi?"

"Hapa. Tulipo."

Kilikuwa ni kitone cha kabla ya kuruka. Kifaa kilituma ujumbe kikiwa kwenye chuma cha kurushia, na baada ya hapo hakikutuma tena. Tulikuwa tunatazama picha ya roketi ambayo haijaondoka. Billow akauliza kama pengine imerudi na hatukuiona. Akatazama chini ya pikapu. Naapa alitazama chini ya pikapu.

Tulitafuta siku hiyo mpaka magharibi. Ijumaa tukatafuta tena, kabla ya sala na baada ya sala. Kichaka kile ni kibaya. Unaweza kupita mita kumi kutoka kwa ngamia aliyelala na usimwone. Haji Adow aliendesha pikapu huku na huko, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi ya mashine, simu imesimamishwa mbele yake, akingoja kitone kibadilike. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kutafuta.

Ijumaa jioni nikamwambia, "Twende kwenye visima tuulize watu."

"Tuulize nini? Wakijua kuna kitu cha thamani, watakificha wadai pesa."

"Haji, hao ni wafugaji. Wanaokota kitu kama wanavyookota baadi."

Baadi ni mnyama aliyepotea. Mfugaji akimkuta kichakani hamwachi fisi amle, wala hamfanyi wake. Anamchanganya na wanyama wake, anamnywesha, na kila anapofika penye watu anatangaza: nimeokota wa rangi hii, alama yake hii, mwenyewe ni nani? Anaweza kutembea naye mwezi. Haji Adow alizaliwa katika hayo. Baba yake alikuwa na ngamia mia mbili.

"Zamani hizo," akasema. "Siku hizi kila mtu ana simu na njaa. Pikapu ni yangu, mafuta ni yangu. Hatuendi kisimani."

Nilipanda pikapu yake nikarudi nayo mjini, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imechoka. Unaweza kuchukizwa na mtu na bado ukapanda gari lake.

Jumamosi dada yangu Saynab alikuja kwangu baada ya alfajiri. Hakukaa. "Mtoto hajala tangu Alhamisi," akasema. "Nenda ukamtafutie kitu chake. Na usirudi na maneno." Nikakodi pikipiki, nikaenda peke yangu mpaka kisima cha karibu upande wa kaskazini. Ilinichukua saa moja na nusu. Wanawake walikuwa wakijaza mitungi, na mzee mmoja alikuwa akisimamia pampu. Tukasalimiana, tukapeana habari za mvua na za majani kama inavyopaswa, kisha nikauliza.

"Bomba refu lenye nguo nyekundu?" akasema yule mzee. "Limefika hapa jana asubuhi."

"Limefika vipi?"

"Juu ya ngamia. Kijana anaitwa Bishar. Ametuuliza sote kama tunamjua mwenyewe. Mwalimu wa Kurani pale duksi akasoma maandishi, akasema limeandikwa Garissa. Bishar akasema, Garissa yote? Nilirudishe kwa nani, kwa mto?"

Wanawake wakacheka. Ni kweli, tulikuwa tumeandika GARISSA 1 kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Namba ya simu hatukuandika. Haji Adow alisema kifaa kinajua kwao.

"Ameelekea wapi?"

"Dadaab. Anauza ngamia wawili." Mzee akanitazama. "Lakini kwa nini mmekuja leo? Alikaa hapa kutwa nzima ya jana akiwangoja. Alisema mwenye kitu kama hicho lazima anatafuta. Sisi tukamwambia, kama angekuwa anatafuta, angekuja kisimani."

Nikampigia Shurie simu nilipopata netiweki, baada ya mwendo wa saa nzima kurudi nyuma. Pikipiki ilikuwa na mafuta ya kurudi tu, na Haji Adow akakataa kuwasha pikapu kwenda Dadaab bila kitone.

Jumapili saa nne asubuhi simu ya Haji Adow ikalia. Kitone kilikuwa kimehama. Kilikuwa ukingoni mwa Dadaab, karibu na mahali wanapouzia mifugo. Bishar alikuwa ameingia kwenye netiweki, na kifaa cha gari kikaamka kikaanza kusema, siku tatu baada ya kuhitajika.

Haji Adow alikuja kutuchukua akipiga honi. "Mnaona?" akaniambia. "Swala wako wangefanya hivi?"

Njiani alilirudia jambo hilo mara tano. Shurie alikaa nyuma, mikono kwenye magoti. Alikuwa akihesabu saa zilizobaki, nami pia.

Bishar tulimkuta amekaa kando ya ngamia mmoja, wa pili keshauzwa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, viatu vya tairi. Roketi ilikuwa imelazwa juu ya mkeka, imefunikwa kwa shuka lake. Mwavuli aliukunja vizuri kuliko tulivyoukunja sisi. Alitutaka tutaje rangi, idadi ya mabawa na siku iliyopotea, kama anavyoulizwa mwenye ngamia. Shurie akataja. Ndipo Bishar akafunua shuka.

"Hesabuni," akasema. "Skrubu nne, mwavuli, kamba, kisanduku cheusi, kisanduku cha kijani, na kadi hii."

Akafungua fundo kwenye ncha ya kikoi chake akatoa memori kadi. Ile ndogo, ya ukubwa wa ukucha. Ilikuwa ndani ya chombo cha kurekodi safari.

"Kwa nini umeitoa?" Shurie akauliza taratibu.

"Eddo, shangazi yangu, mnyama ana alama mwilini. Hiki hakina. Nikafungua kutafuta alama ndani. Nikaona kadi, nikasema kadi ina picha za mwenyewe, nikiona uso wake nitamjua. Nikaitia kwenye simu yangu." Akatoa simu, ya bei rahisi, kioo kimepasuka. "Simu ikasema haiisomi kadi. Ikauliza iitayarishe. Nikabonyeza ndiyo."

Shurie akakaa chini kwenye vumbi. Mimi nilikuwa bado na matumaini. Kadi iliyofutwa hivyo inaweza kuokolewa ikiwa hakuna kilichoandikwa juu yake. Nimeokoa picha za harusi za watu wengi.

"Halafu?" nikamuuliza. "Umeitumia?"

"Ndiyo, adeer, ami yangu. Kwa ajili yenu." Akafurahi kutuonyesha. "Kila nilipofika nilipiga video. Kitu hiki hapa, watu hawa mashahidi, siku fulani, saa fulani, hakijapungua. Ili mwenyewe akija asiseme nimeiba."

Video kumi na tisa. Katika ya kwanza yumo mzee wa kisimani, anashuhudia mbele ya Mungu kwamba bomba lina mabawa matatu. Katika nyingine wanawake wanahesabu skrubu kwa sauti. Katika ya mwisho Bishar anasema anamwomba Mungu amkutanishe na mwenyewe haraka, kwa sababu amana ni nzito kuliko ngamia. Simu yake ilikuwa imezihifadhi zote kwenye kadi ile, moja juu ya nyingine, mpaka ikajaa.

Haji Adow akaanza kumfokea. Mshamba, nani alikuambia ufungue, unajua hiki ni kitu cha pesa ngapi? Bishar akasimama, uso umekauka. Nikamwambia Haji Adow anyamaze. Akatoa mia mbili mfukoni akamsukumia Bishar.

"Zirudishe," Bishar akasema. "Baadi haina mshahara."

Shurie akainuka, akamshukuru Bishar kwa jina lake na la baba yake, akamwombea kheri kwa ngamia wake aliyebaki. Hakumwambia alichofanya. Sisi pia hatukumwambia, na hilo ndilo jambo pekee la heshima tulilofanya wiki ile.

Tulirudi Garissa. Niliketi kibandani na ile kadi tangu alasiri ya Jumapili, na Jumatatu tena tangu alfajiri. Shurie alikaa kwenye kiti cha wateja. Saa tano na nusu nilikuwa nimepata mistari kumi na mmoja ya rekodi. Ilianza chini, ikapanda mpaka mita mia tatu na nne, ikakatika. Saa sita adhana ya adhuhuri ilikuwa bado, lakini mlango wa kutuma ulifungwa wenyewe kwenye simu yake, tuliuona ukifungwa. Nikaanza kumwambia kitu kuhusu Jumatano.

"Najua, abti," akasema. "Kifaa chako kilikuwa kwenye droo hiyo. Niliiona taa yake."

Akachukua kichwa cha roketi akaenda darasani. Alikuwa na kipindi saa saba.

Wiki iliyofuata Haji Adow alibandika picha ya roketi kwenye kioo cha duka lake. Chini yake kumeandikwa kwamba kifaa chake kilipata hata kilichotoka angani. Anauza sana. Mhandisi wa maji amenunua viwili. Mimi napita upande wa pili wa barabara.

Gharama ni hizi. Injini moja, haipatikani nchini. Barua nne na kibali kimoja, vimekwisha muda. Dizeli lita mia moja na kumi, na pikipiki ya kukodi siku moja. Siku nne za watu tisa. Mita elfu moja, mia tisa na kitu ambazo roketi ilipanda kwa makadirio ya macho yetu, na mita mia tatu na nne tunazoweza kuzithibitisha. Nafasi moja kati ya nane, imekwenda kwa mwalimu wa Eldoret. Shurie ametimiza miaka thelathini tarehe tisa mwezi wa kumi.